Kabla Hujahesabu Kura za Kabila, Hesabu Vipande

Leo si stori ya mastaa wala ya mpira. Leo ni hesabu, na naomba uvumilie hadi mwisho kwa sababu hesabu yenyewe inakuhusu wewe uliye na miaka 18 na kuendelea.

Juzi nilikuwa stejini hapa Nyaramba nikingoja gari la kwenda Nyamira mjini. Unajua vile steji zetu zilivyo: mikungu ya ndizi chini, mama anauza parachichi, wasee wa bodaboda wamekaa juu ya pikipiki wakichambua siasa kuliko wachambuzi wa runinga. Tangu jina la Fred Matiang'i, mtoto wa Nyamira, lianze kutajwa kwa urais wa 2027, kila steji ya Gusii imekuwa na kalkuleta yake.

Mzee mmoja akasema, "Sisi Abagusii ni milioni 2.7. Tukisimama pamoja, hakuna mtu ataingia Ikulu bila kupitia kwetu." Vijana wakashangilia. Mmoja akaongeza, "Kura milioni mbili ziko mfukoni!"

Mimi ni mtu wa kuuliza maswali ya kuharibu sherehe. Nikawauliza vijana sita waliokuwa pale: nani hapa ameandikishwa kuwa mpiga kura? Wawili wakainua mkono. Nani ana kipande? Wanne. Yaani kati ya vijana sita waliokuwa wakigawa kura milioni mbili, wanne hawana hata kura moja ya kugawa. Na kati ya hao wanne, wawili kisheria hata hawawezi kujiandikisha bado, kwa sababu hawana kitambulisho.

Nilipofika nyumbani nikaanza kuchimba. Nilitaka kujua: hii tabia ya kuhesabu wapiga kura kwa rangi na kabila ilianzia wapi? Nikagundua historia yetu yote ya kura imefungwa ndani ya kitu kimoja, karatasi. Nani ana karatasi, na nani anaamua apewe au asipewe. Wingi wa watu haukuwahi kuwa wingi wa wapiga kura. Acha nikupeleke polepole.

1920: wao kura, sisi mkebe

Februari 1920 ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Viti vya kuchaguliwa vilikuwa 11. Waliopiga kura ni Wazungu peke yao. Sensa ya mwaka uliofuata iliwahesabu Wazungu 9,651 nchi nzima, watoto wakiwemo. Gawanya mwenyewe: ni kama kiti kimoja kwa kila Wazungu 900. Waasia walikuwa zaidi ya 25,000, na siku ile hawakuwa na mjumbe hata mmoja waliyemchagua. Waafrika, mamilioni, hata hawakuwa kwenye mjadala.

Kuna kitu kimoja kilinishangaza. Sheria ile ya 1919 iliwapa kura pia wanawake wa kizungu waliokuwa hapa. Kule Uingereza kwenyewe, wanawake wa chini ya miaka 30 walingoja hadi 1928. Kwa hiyo binti wa mlowezi mwenye miaka 22 alikuwa na kura Kenya ambayo dada yake London hakuwa nayo. Walowezi walikuwa wachache, na walihitaji kila kichwa cheupe kihesabiwe.

Sasa weka hiyo kando ya jambo lingine la wakati huohuo. Sheria ya kusajili wenyeji ya 1915 ilianza kutekelezwa mwishoni mwa 1919 na kuenea 1920. Kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye jina lake, alama za vidole, na rekodi ya nani alimwajiri na kwa mshahara gani. Karatasi iliwekwa ndani ya mkebe mdogo wa chuma, mkebe ukaning'inizwa shingoni. Ukikutwa bila, ni makosa.

Umeona? Wakati uleule, serikali ileile, orodha mbili. Orodha moja ilikuwa ya watu wenye haki ya kuchagua. Ya pili ilikuwa ya watu wenye wajibu wa kujieleza. Na sisi huku Gusii, ambao mwaka 1908 tulishambuliwa na majeshi baada ya Otenyo kumchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote, tulikuwa kwenye ile ya pili. Kodi tulilipa. Kura hatukuwa nayo.

Na usifikirie wenye kura walikuwa mbali. Borabu, ambayo leo ni sehemu ya kaunti yetu hii ya Nyamira, ilikuwa sehemu ya mashamba ya walowezi wa upande wa Sotik. Mwenye shamba aliingia kwenye daftari. Waliochuma na kupalilia waliingia kwenye kipande. Walitenganishwa na uzio tu.

Mizani ya rangi

Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ikatoa Waraka wa Devonshire. Kwa maneno, waraka ulisema maslahi ya Waafrika ndiyo ya kwanza Kenya. Kwa viti, mambo yalikuwa hivi: Wazungu 11, Wahindi 5, Mwarabu 1, na Waafrika wakawekewa mmisionari mzungu mmoja wa kuwasemea. Ndiyo, umesoma vizuri. Wenye nchi walisemewa na mgeni.

Wahindi nao hawakukubali kirahisi. Walichokuwa wakidai ni daftari moja la watu wote, si daftari la Wahindi peke yao pembeni. Kwa miaka walisusia viti vyao kwa sababu hiyo. Watu wachache shuleni hufundishwa kwamba dai la daftari moja lilitoka pia kwa wenye maduka wa kihindi tunaowataja tu tukizungumzia bei za vitu.

Mwafrika wa kwanza kuingia barazani, Eliud Mathu, aliingia 1944. Hakuchaguliwa, aliteuliwa. Mwaka 1948, Waafrika barazani walikuwa wanne, wote wa kuteuliwa. Sensa ya mwaka huohuo inatupa picha kamili. Wazungu 29,660, viti 11 vya kuchaguliwa: kiti kimoja kwa kama watu 2,700. Waasia 97,687, viti 5: kiti kimoja kwa kama watu 19,500. Waafrika 5,251,120, viti vya kuchaguliwa: sufuri.

Kwa hiyo ukimsikia mtu leo akisema "wengi wape", mkumbushe kwamba kwa zaidi ya miaka 35 Kenya iliendeshwa kwa kanuni ya "wachache wachague". Tulikuwa wengi na hatukupewa kitu, kwa sababu hatukuwa kwenye daftari.

1957: kabila linaingia kwenye daftari

Hapa ndipo nilipokaa kitako nikasoma mara mbili.

Machi 1957 Waafrika wakapiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao. Viti nane kwa nchi nzima. Lakini haikuwa mtu mmoja kura moja. Afisa aitwaye Walter Coutts alikuwa ametengeneza utaratibu wa masharti. Ili uandikishwe ulihitaji angalau sifa moja: umesoma hadi kiwango fulani, au una kipato cha pauni 120 kwa mwaka, au mali ya pauni 500, au umetumikia serikali au jeshi muda mrefu, au ni mzee anayetambuliwa, na kadhalika. Na ukiwa na sifa nyingi, ulipata kura zaidi ya moja. Mpaka tatu.

Fikiria hiyo kwenye kijiji. Mwalimu mwenye ng'ombe na mshahara ana kura tatu. Jirani yake anayelima shamba lilelile la mababu hana hata moja. Sokoro wangu, yaani babu, alikuwa kijana mdogo wakati huo. Aliniambia kwamba baba yake hakupiga kura ile kwa sababu hakuwa amesoma na hakuwa na karatasi ya mshahara. "Lakini ng'ombe alikuwa nao?" nikamuuliza. Akacheka. "Ng'ombe hawakuwa na risiti."

Waandikishwaji nchi nzima walikuwa kama 126,000. Kati ya Waafrika zaidi ya milioni tano! Na wanawake kati yao walikuwa wachache sana, kwa sababu masharti ya shule, mshahara na mali yaliwapiga wao kwanza.

Sasa sikiliza hii. Wakati huo ilikuwa Hali ya Hatari kwa ajili ya vita vya Mau Mau. Kwa hiyo Mkikuyu, Mmeru na Mwembu waliwekewa sharti la ziada ambalo sisi wengine hatukuwekewa: cheti cha uaminifu kwa serikali. Bila cheti, hata uwe na digrii, huna kura. Hapo ndipo kabila lilipoingia rasmi kwenye masharti ya kupiga kura Kenya. Halikuletwa na mwanasiasa wa WhatsApp. Liliwekwa na serikali ya mkoloni, kwa karatasi, ili watu wa eneo moja wahesabiwe wachache kuliko walivyo.

Na sisi? Gusii ilikuwa ndani ya jimbo la Nyanza Kusini, pamoja na Waluo na Wakuria. Aliyeshinda ni Lawrence Oguda. Wenzake walioingia siku hizo ni pamoja na Tom Mboya wa Nairobi, Oginga Odinga wa Nyanza ya Kati, Masinde Muliro, Ronald Ngala na Daniel arap Moi. Kwa hiyo mjumbe wa kwanza wa kuchaguliwa kuwahi kuwakilisha Abagusii alikuwa Mluo. Sisemi ni vizuri au vibaya. Nasema wale wanaodai eti tangu zamani kila kabila limekuwa na "mtu wake" hawajasoma.

Wale wanane walipoingia hawakukaa kushukuru. Walisema viti ni vichache, wakakataa uwaziri, wakasukuma. Mwaka 1958 viti vya Waafrika vikawa 14, sawa na vya Wazungu. Sawa kwa viti, lakini si kwa watu.

Jirani zetu Tanganyika wakati huohuo walipewa mtego wa aina nyingine. Uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Usipochagua wote watatu, kura imeharibika. Wengi ndani ya TANU walitaka kususia. Kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958, Nyerere akawashawishi waingie hivyohivyo. Wakaunga mkono Wazungu na Waasia waliokubaliana nao, na TANU ikazoa viti. Mtego wa rangi ukamnasa aliyeutega.

Siku ile daftari liliposhinda

Kenya pia ilikuwa na siku kama hiyo. Baada ya mkutano wa kwanza wa Lancaster House, London, 1960, masharti yakalegezwa. Kwa uchaguzi wa 1961 ulihitaji kujua kusoma au kuandika lugha yako, au uwe umepita miaka 40, au uwe na cheo fulani, au kipato cha pauni 75 kwa mwaka. Walioandikishwa wakapanda kutoka yale maelfu 126 hadi zaidi ya milioni moja. Na sasa daftari likawa la pamoja.

Lakini Wazungu walitengewa viti 10, Waasia 8, Waarabu 2. Utaratibu ulikuwa wa hatua mbili: kwanza mgombea apate angalau asilimia 25 ya kura za jamii yake, kisha aende kwa wapiga kura wote.

Angalia kilichotokea Bonde la Ufa. Michael Blundell, mlowezi aliyekubali kwamba Waafrika watatawala, alikutana na Cavendish-Bentinck, mlowezi wa msimamo mkali. Kura ya Wazungu peke yao: Cavendish-Bentinck akamshinda Blundell vibaya sana, Blundell akapita asilimia 25 kwa nywele. Kisha daftari la wote likafunguliwa. Waafrika wakapiga kura. Blundell akashinda kwa kishindo.

Watu walewale wawili, eneo lilelile, miezi ileile. Kilichobadilika ni daftari tu, na mshindi akabadilika. Ukielewa hadithi hiyo moja, umeelewa kwa nini kila serikali duniani hupenda kushika kalamu ya kuandikisha. Ndiyo maana Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini, ambao haki yao ya kura iliandikwa kwenye katiba tangu 1870, walilazimika kuandamana na kupigwa hadi 1965 ndipo sheria ikazuia mitihani ya kusoma na vikwazo vingine vilivyowafungia nje. Haki walikuwa nayo, daftarini hawakuwamo.

Kisha Mei 1963 Kenya ikafikia mtu mzima mmoja, kura moja, bila kuulizwa rangi, ng'ombe wala cheti. Sokoro alipiga kura mwaka huo. Anasema alitembea alfajiri na kusimama foleni nyuma ya mama mzee ambaye hakujua kusoma, na kwamba kura ya yule mama ilikuwa sawa na ya chifu. Alilirudia mara mbili: sawa na ya chifu. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa Uhuru, hata kabla ya bendera kupandishwa.

Wakati huo umri wa kupiga kura ulikuwa 21. Ulishushwa hadi 18 mwaka 1974. Kwa hiyo wewe wa miaka 19 unayesema kura haikuhusu, jua kuna Wakenya wa umri wako waliokatazwa.

Kabila kwa mlango wa nyuma

Leo daftari la IEBC halina kabila. Kuna jina lako, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, kituo chako. Basi. Anayeuliza kabila ni karani wa sensa. Sasa wachambuzi wetu huchukua namba ya sensa, wakaifanya ya kura. Hapo ndipo kosa lilipo. Tupige hesabu pamoja.

Sensa ya 2019 ilihesabu Abagusii 2,703,235 kati ya Wakenya 47,564,296. Ni kama asilimia 5.7. Lakini Kisii na Nyamira zote mbili, watu wa makabila yote, zilikuwa na watu 1,872,436. Hata tukisema kila mmoja wao ni Mgusii, bado Abagusii zaidi ya 830,000 walihesabiwa nje ya kaunti hizi. Karibu watatu kati ya kila kumi. Wako Nairobi, Nakuru, Narok, Mombasa. Wanapiga kura huko, wanachagua gavana wa huko, wana shida za maji za huko.

Sasa daftari la 2022: Kisii kama 637,000, Nyamira kama 323,000. Jumla kama 960,000 kati ya wapiga kura 22,120,458. Ni asilimia 4 na kidogo. Zile "milioni mbili mfukoni" za stejini ziko wapi? Wengine ni watoto wa shule. Wengine wako Pipeline, Nairobi. Na wengine ni wale wanne wa bodaboda.

Halafu hata hao 960,000 si kapu moja. Mwaka 2002 Simeon Nyachae aligombea urais na huku Gusii tulimpa kura kwa wingi. Jumla yake nchi nzima ilikuwa karibu 345,000, chini ya asilimia 6. Akawa wa tatu. Mwaka 2017 Raila na Uhuru waligawana Gusii, Raila akiwa mbele. Mwanasiasa anayekuambia ana "kura za Wakisii" anauza shamba la urithi ambalo ndugu hawajakaa kikao.

Najua utaniambia, "Wewe ndoto zimekuzidi, Wakenya wanapiga kura kikabila." Sikatai. Matokeo ya mikoa mingi yanaonyesha hivyo, na mtu hupenda mtu anayeelewa lugha ya mama yake. Hoja yangu si kwamba kabila halipo. Hoja yangu ni kwamba kabila halisimami foleni. Anayesimama ni mtu mwenye kitambulisho.

Wanaoombwa kabila ili wapewe karatasi

Na kuna wenzetu ambao kabila bado ni mlango wa karatasi. Nina rafiki Mnubi, kwao ni Kisii Mjini. Wanubi waliletwa Kenya na Waingereza kama askari kutoka Sudan. Wamekaa hapa vizazi vingi. Rafiki yangu anaongea Ekegusii kuniliko mimi, na mimi jina langu ni la Kigusii kabisa. Tulipofika miaka 18 tulikwenda kuomba vitambulisho kila mmoja kwao. Mimi niliulizwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi. Yeye aliulizwa hivyo, kisha akaambiwa arudi siku nyingine kukaa mbele ya wazee wamhoji: babu yako ni nani, alitoka wapi. Mimi nilipata changu kwa wiki kadhaa. Yeye alikaa zaidi ya mwaka, na usajili wa uchaguzi wa 2022 ukampita.

Si yeye peke yake. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya iliwakosea watoto wa Kinubi kwa kuwaacha waishi bila uhakika wa uraia. Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi Oktoba 2016, na baadaye wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Wahindi wa Kenya wakaitwa kabila la 44 mwaka 2017. Washona, ambao wazee wao walikuja kama wahubiri kutoka kusini mwa Afrika, walitangaziwa uraia Desemba 2020. Wapemba wa Pwani, 2023. Na Februari 2025 serikali ikatangaza kuondoa ule uhoji wa ziada kwa watu wa kaunti za kaskazini.

Nafurahi kwa kila mmoja wao. Lakini tujiulize: kwa nini Mmakonde alihitaji kwanza kuwa "kabila la 43" ndipo awe mpiga kura? Mkoloni alidai cheti cha uaminifu kwa Mkikuyu. Sisi tukadai cheti cha ukabila kwa Mmakonde. Daftari halina kabila, lakini mlango wa kulifikia ulikuwa nalo.

Pengo lenyewe ni la umri

Namba ya mwisho, halafu nakuacha. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 75 ya Wakenya wako chini ya miaka 35. Kwenye daftari la 2022, vijana wa miaka 18 hadi 35 walikuwa kama milioni 8.8, karibu asilimia 40. Na idadi hiyo ilikuwa imeshuka ukilinganisha na 2017. Nchi inakuwa na vijana zaidi, daftari linazeeka. Hakuna mkoloni aliyetukatia. Tumejikatia wenyewe, ingawa nakubali wengine walikatiwa na foleni, na safari ya kwenda ofisini, na kile kisingizio cha "mtandao umelala, kuja kesho".

Na usinielewe vibaya. Sikuambii ujiandikishe ili kapu la kabila lijae, mtu fulani apate cha kuuzia. Ukijiandikisha hivyo, umekuwa yule mkungu wa ndizi stejini: watu wanakubishania bei na wewe huna sauti. Jiandikishe kwa sababu baba wa sokoro wangu alikuwa na ng'ombe bila risiti na hakuhesabiwa. Jiandikishe kwa sababu MCA wako wa wadi anaweza kushinda kwa kura mia mbili, na hao mia mbili ni nyinyi wa steji moja.

Usajili endelevu wa IEBC ulifunguliwa tena Septemba 2025. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Kama huna kitambulisho, anza na kitambulisho, kwa sababu bila hicho hata foleni ya pili huingii.

Cha kuchekesha ni kwamba sisi vijana bado tunakiita kipande. "Uko na kipande?" Neno lilelile la mkebe wa shingoni. Wakati ule karatasi hiyo ilimaanisha wewe ni wa kuhesabiwa na mwingine. Leo inaweza kumaanisha wewe ndiye unayechagua, lakini ikikaa kwenye droo haimaanishi chochote.

Wale wanne wa stejini nimewaambia tunaenda pamoja wiki ijayo: wawili kuandikishwa, wawili kuomba vipande. Rafiki yangu Mnubi alishapata chake, naye atajiandikisha Kisii Mjini siku hiyohiyo. Nikirudi nitawaambia foleni ilikuwaje. Na wewe, kabla hujaandika hapo chini "Gusii tuko milioni ngapi", niambie kwanza: kituo chako cha kupigia kura ni kipi?